Mushipa Mudogo Pembeni ya Sikio: Jiwe Linapiga, Mutu Anasema "Niko Muzima", Usiku Anakufa

Ndugu wafanyakazi wa shimo na wa kiwanda, bamama mulio nyumbani, leo hatuongei mushahara. Mushahara tutaurudilia. Leo tunaongea kichwa.

Miaka sita imepita tangu tulipomuzika mwenzetu mumoja wa galeri. Jina lake hatulitaji, juu mke wake na watoto wangali katikati yetu na wanasoma ukurasa huu. Siku ile, karibu na saa 14, alikuwa anapurje paa la galeri na mutaimbo, ile kazi tunayoijua wote: kuangusha mawe legelege mbele hayajaangusha mutu. Jiwe moja, si kubwa, labda ngumi mbili, likatoka pembeni likamupiga juu ya sikio la kuume. Kaske yake ilikuwa imerudi nyuma, mukanda wa kidevu haukufungwa, sawa vile wengi wetu tunafanya juu ya joto. Akaanguka. Macho ikafunga, dakika mbili hivi. Kisha akafungua macho akauliza: "Nani amezima taa?" Tukacheka. Yeye pia akacheka.

Ku dispanseri walimushona nyuzi tatu, wakamupa kinini cha kichwa, wakaandika karatasi: kupumzika siku mbili. Sisi wa sendika tulikuwa pale. Tulisoma karatasi ile tukaona ni vizuri, siku mbili za kulipwa, hakuna cha kugombania. Tulihesabu siku, kichwa chenyewe hatukukiangalia. Tunaliandika hapa wazi, juu ni sisi tulimusindikiza nyumbani badala ya kumupeleka ku hopitali.

Saa 18 alikataa bukari. Akasema kichwa kinapasuka. Saa 20 akatapika. Mke wake akamuambia: "Baba, twende ku hopitali." Akajibu: "Mama, acha nilale, kesho itakuwa muzuri." Akalala, akaanza kukoroma kwa nguvu, yeye ambaye hakuwa mutu wa kukoroma. Mama alifikiri ni uchovu, hata akafurahi kidogo kwamba amepata usingizi. Saa 1 ya usiku akamutikisa, hakuamuka. Akawasha telefone, akamufungua macho na kidole: jicho la kuume lilikuwa jeusi lote, kile kitundu cha katikati kimefunguka kabisa, na cha jicho la kushoto kimebaki kidogo. Akatuma mutoto kutuita. Gari tulilipata saa 3. Alikufa njiani.

Ku matanga maneno ikaanza. Mutu amepigwa saa 14, ametembea mwenyewe, ameongea, amecheka, usiku amekufa bila ugonjwa: hiyo si jiwe, hiyo ni mutu. Wakaanza kumuangalia mujomba wake, muzee wa watu, ambaye mwezi mumoja mbele walikuwa wamegombana juu ya kiwanja. Muzee alitoka ku kilio usiku, kwa kuogopa kupigwa mawe. Sisi tulinyamaza. Hatukuwa na jibu.

Jibu tulilipata miezi mingi nyuma, kwa munganga mumoja wa kupasua, siku tulipomuomba aje kuongea na madelege. Alichukua bordero ya zamani, akageuza, akachora upande wa nyuma. Tangu siku ile tumesoma, tumeuliza, na leo tunataka kuwachorea ninyi kwa maneno kile alichotuchorea sisi kwa kalamu.

Muanze na sakafu. Kichwa kina paa na kina sakafu, sawa galeri. Paa ni mufupa ule unaogusa chini ya nywele. Sakafu haiguswi: iko ndani, juu ya koo, nyuma ya macho na pua. Bongo linakaa juu yake. Sakafu ile si tambarare, ina mabonde na miamba, na imetobolewa matundu mengi, kila tundu na kazi yake: hapa inapita mushipa wa kuona, pale wa kusikia, kule wa taya. Na damu yote ya bongo lazima ipite mu matundu ile, hakuna njia ingine. Bongo la mutu mukubwa lina uzito wa karibu kilo 1 na nusu, ni kusema mafungu 2 tu juu ya 100 ya mwili, lakini linakula karibu fungu 1 juu ya 5 la oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Ni mashini inayokula mafuta kuliko camion.

Mabomba makubwa ni 4. Mawili yanapanda mbele ya shingo, yale munayoyasikia yanapiga mukiweka vidole pembeni ya koo, yanaitwa karotidi. Mawili yanapanda nyuma, ndani ya mifupa ya shingo yenyewe. Karotidi ikifika ku sakafu inakuta mufupa mugumu sana, ambao wanganga wa Kifransa wanauita "rocher", mwamba. Hawakukosea jina. Damu imechimbiwa galeri ndani ya mwamba ule: inapanda, inakata kona, inatembea kulala, inapanda tena, inajipinda nyuma ya jicho sawa herufi S. Yale mabomba mawili ya nyuma yanaingia kwa tundu kubwa la katikati, kule uti wa mugongo unakopita, na yakiingia yanaungana kuwa moja.

Sasa kitu kinachotupendeza sisi watu wa shimo. Chini ya bongo, mabomba ile 4 haiendi kila moja kwao. Inaunganishwa na vibomba vidogo mpaka inafanya duara. Wale wanaofanya kazi ya hewa ya kompresa ao ya maji wanaelewa mara moja: ukifunga vali upande huu, hewa inazunguka inatokea upande ule, na kazi haisimami. Duara lile lina jina la munganga Muingereza, Thomas Willis, wa mji wa Oxford, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Picha za kitabu zilichorwa na Christopher Wren, yule yule aliyejenga baadaye kanisa kubwa la Saint Paul kule London. Na mwenzake Richard Lower ndiye alikuwa anasukuma maji ya rangi mu mushipa mumoja ili waone inatokea wapi. Willis alieleza maiti ya mutu mumoja: karotidi ya upande mumoja ndani ya kichwa ilikuwa imegeuka karibu jiwe, damu haipiti, na mutu yule hakupooza, hakupoteza akili, alikufa na ugonjwa wa tumbo. Mushipa wa nyuma upande ule ulikuwa umenenepa mara 3, umebeba kazi ya mwenzake.

Tusidanganyane lakini. Duara lile halikamiliki kwa kila mutu. Wapasuaji wanajua kwamba watu mingi, zaidi ya nusu, wamezaliwa na kibomba kimoja chembamba sana ao kinachokosa kabisa. Mutu hajui. Atajua siku bomba kubwa linafunga, na ndiyo sababu ugonjwa ule ule unamupoozesha huyu na unamuacha yule. Tena damu inayopanda sana, ile tansyo ambayo wazee wetu wengi wa kampe wanayo na hawanywi dawa, inaharibu mabomba ile ile polepole. Hiyo ni habari ingine, tutaiandika siku yake.

Turudi kwa ndugu yetu, juu mushipa uliomuua hauko katika ile 4.

Ni mushipa mudogo, wa pembeni. Wanganga wanauita arteri meninje ya katikati. Unatoka ku damu ya uso na taya, unaingia ndani ya kichwa kwa tundu dogo sana la sakafu, milimita 2 ao 3, tundu ambalo vitabu vya Kifransa vya zamani vinaliita tu "trou petit rond". Ukisha kuingia, unapanda ndani ya ukuta wa kichwa, katikati ya mufupa na ile ngozi ngumu inayofunika bongo. Unaelekea pale mbele ya sikio na juu yake kidogo. Mujiguse. Pale mifupa 4 inakutana, na ni pale ukuta wa kichwa ni mwembamba kuliko mahali pengine. Mushipa umejichimbia mufereji mu mufupa ule mwembamba. Jiwe likipiga pale, mufupa unapasuka sawa sahani, na ufa unakata mushipa.

Na muone ubaya wake: mushipa ule haulishi hata bongo. Unalisha ngozi ile ngumu na mufupa. Kwa hiyo ukikatika, bongo kwanza linaendelea na kazi. Mutu anazimia kidogo kwa pigo lenyewe, kisha anaamuka, anaongea, anauliza nani amezima taa. Lakini nyuma ya mufupa damu inatoka, na inatoka kwa nguvu ya moyo. Inabandua ngozi ngumu polepole, inajitafutia nafasi. Saa 1, saa 3, saa 6. Kichwa ni sanduku la mufupa, halipanuki. Damu ikipata nafasi, ni bongo limepoteza. Ndiyo kichwa kinauma, ndiyo kutapika, ndiyo usingizi muzito. Kisha bongo linasukumwa chini kuelekea sakafu, linabana mushipa unaofunga kitundu cha jicho la upande ule. Jicho linabaki wazi, jeusi. Kisha linabana pale pumzi inapoamurishwa. Kule kukoroma alikosikia mama hakukuwa usingizi.

Munganga alipomaliza kuchora, tulimuuliza ni damu kiasi gani inaua. Alituambia kwamba kanuni ya wapasuaji ni mililita 30: donge likipita pale, wanapasua hata kama mugonjwa angali anaongea. Mililita 30 ni vijiko 2 vya supu.

Bordero ile tuliipeleka kwa familia. Tuliketi na wazee mbele ya nyumba, tukaonyesha: hapa jiwe, hapa ufa, hapa mushipa, hapa jicho. Mama akasema: "Jicho la kuume. Ni ile ile." Hatutasema kwamba wote waliamini. Ila muzee mujomba alirudi ku kiwanja chake, na hakuna aliyemugusa.

Kifo hiki hakitafuti masikini. Mwaka 2009, mwezi wa 3, Natasha Richardson, mucheza filme Muingereza wa miaka 45, alianguka juu ya teluji kule Mont-Tremblant, inchi ya Kanada, alipokuwa anajifunza kuteleza na skii. Hakuvaa kaske. Aliamuka, akaongea, akaona hakuna kitu, ambilansi ya kwanza ikarudishwa. Nyuma ya saa 1 hivi kichwa kikaanza kuuma. Siku 2 nyuma alikuwa maiti, na wanganga waliomupima wakaandika: damu katikati ya mufupa na ngozi ngumu. Alikuwa na pesa, alikuwa na jina. Alichokosa ni masaa.

Na wachimbaji wenzetu walilijua jambo hili mbele ya wanganga wengi. Kule Cornwall, Uingereza, watu wa mashimo ya shaba na bati walikuwa wanashuka na kofia ya manyoya iliyokaushwa na gundi, mushumaa umebandikwa mbele na udongo. Wanganga wa karne ya 19 waliandika kwamba mutu wa Cornwall akipigwa na jiwe ku kichwa, yeye mwenyewe na familia walikuwa wanadai atobolewe mufupa, hata kama hakuna ufa unaoonekana. Wengine waliwacheka. Lakini watu wale walikuwa wameona wenzao wakicheka saa sita na kufa usiku, na walijua tundu moja linatoa damu. Hapa kwetu Afrika pia, Wakisii wa Kenya wana wapasuaji wa jadi ambao, mpaka karne ya 20, walikuwa wanafungua mufupa wa kichwa cha mutu aliyepigwa, wakikwangua polepole na kuchunga wasitoboe ngozi ya bongo. Hatusemi muende kwa fundi wa namna ile leo. Tunasema kazi hii si uchawi wala si maajabu ya Ulaya.

Leo inafanyika hivi. Kwanza skaneri, mashini iliyopiga picha ya mugonjwa wa kwanza kule London tarehe 1 ya mwezi wa 10, 1971. Mbele ya pale mupasuaji mara nyingi alikuwa anaongozwa na jicho, anatoboa upande wa jicho lililofunguka. Kisha wanafungua dirisha mu mufupa, wanavuta donge, wanatafuta mushipa unaotoka damu, wanauchoma ufunge. Mara ingine mushipa umekatika chini kabisa, pale pale ku sakafu, unajificha ndani ya tundu lake na haushikiki. Pale mupasuaji anaziba tundu lenyewe na nta, nta iliyotengenezwa na ya nyuki. Munganga wetu alilisema sawa kitu cha kila siku. Sisi tuliketi kimya: mwenzetu amekufa kwa tundu la milimita 3, na tundu lile linazibwa na nta.

Kama mutu amefika mapema, bongo halijabanwa muda murefu, mara nyingi anarudi muzima. Si kipofu, si kilema. Anarudi ku kazi.

Kuna na pigo la sakafu yenyewe, tuliseme mbio mbio. Mutu akianguka toka ngazini ao akibanwa na gari, sakafu inaweza kupasuka bila paa kupasuka. Maji meupe yanatiririka ku pua ao ku sikio, ao damu inatoka ndani ya sikio, ao siku ya pili macho mawili inazungukwa na weusi sawa miwani, ao kunakuwa weusi nyuma ya sikio. Hapana kuziba pua wala sikio na pamba. Na mara chache, siku ao hata majuma nyuma, jicho moja linaanza kutoka nje, jekundu, na mutu anasikia kichwani sauti inayopiga pamoja na moyo. Ni karotidi imetoboka pale inapojipinda nyuma ya jicho. Watu wanakwenda kununua dawa ya macho ku soko. Dawa ya macho haina kazi pale.

Sasa kwenu bamama, juu usiku ni ninyi munabaki naye. Mutu akipigwa kichwa na akazimia hata kidogo, anapashwa kupita ku hopitali, hata kama anacheka. Wakimurudisha nyumbani, hapana kumupa asipirini, inalegeza damu. Hapana lutuku, hata kidogo cha kutuliza. Tumeona mugonjwa ameachwa mpaka asubui kwa sababu alikuwa ananuka pombe na watu wakasema amelewa. Kulala si kosa, usingizi wenyewe hauui. Lakini mumuamushe kila saa 1 ao 2, aseme jina lake na la mutoto, ainue mikono yote 2, mumulike macho na telefone muone vitundu vinalingana. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, asipoamuka vizuri, mukono mumoja ukilegea: ni sasa, si kesho. Msingoje jicho. Jicho likisha kufunguka mumechelewa, ijapokuwa hata pale munamukimbiza.

Kwa wanaume: ule mukanda wa kidevu. Tunajua joto, tunajua unakata ngozi. Kaske inayoanguka mbele ya mutu ni kofia tu. Na ndugu zetu krezeri wanaoshuka na kofia ya kitambaa ao kichwa wazi, hatuna haki ya kuwahukumu, hakuna anayewagawia kaske. Lakini musishuke peke yenu, ili awepo wa kuhesabu dakika ulizozimia.

Kwa wakubwa wa kazi tunasema kilichoandikwa. Sheria ya kazi ya tarehe 16 ya mwezi wa 10, 2002, inamulazimisha mwenye kazi kutunza afya ya mufanyakazi na familia yake. Nyuzi tatu na karatasi ya siku mbili si matunzo ya mutu aliyezimia. Tumeomba ambilansi moja ibaki usiku na shofere wake, na kwamba kila aliyezimia apelekwe kwenye skaneri siku ile ile, hata kama skaneri iko Lubumbashi na shimo liko kilomita 300. Tena ajali iandikwe na saa yake, juu saa ile ndiyo munganga anauliza kwanza, na bila karatasi mujane hapati haki yake.

Mwaka uliopita kijana wa miaka 23 alipigwa na bomba la maji pale pale, mbele ya sikio la kushoto. Akazimia, akaamuka, akataka kurudi ku kazi. Kapita wake alikuwa amesikia habari hii ku mukutano wetu. Alimukatalia. Waligombana, kijana alimutukana. Walipofika ku hopitali ya mujini alikuwa tayari anatapika, na saa 4 nyuma ya pigo alikuwa juu ya meza. Sasa ana kovu sawa alama ya kuuliza, toka mbele ya sikio mpaka juu ya nywele, na anaendesha lokomotive ya galeri. Kapita anasema angali anangoja kijana aje kumuomba musamaha kwa yale matusi.

Juu ya ambilansi, wakubwa wametujibu kwamba wataangalia. Mukutano na wao ni mwisho wa mwezi. Bordero ya munganga tumeipiga fotokopi, iko kwa kila delege. Mwenye kuitaka kwa kuibandika nyumbani aje kuiomba, hailipwi.